Kona za Kumrudisha Agnetha

Mhudumu aliweka vikombe viwili mezani.

Selestine alikuwa peke yake. Akamwonyesha kidole kimoja. Mhudumu, mzee mwenye masharubu meupe, akakitazama kiti cha upande wa pili, akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akamimina chai katika vikombe vyote viwili. Selestine hakuogopa. Machozi yalimlenga, akainama, kwa sababu aliamini kwamba mke wake amekuja.

Agnetha alikuwa amefariki siku tatu nyuma katika hospitali moja kubwa ya Chennai, kule India. Moyo ulichoka. Walikuwa wametoka Ushirombo wawili, na sasa mwili ulikuwa tayari kwenye sanduku, ukingoja ndege ya siku ile ile jioni. Selestine alibaki mgeni wa hoteli, na kadi ya kufungulia mlango, na karatasi ya anwani ya kuwaonyesha madereva wa bajaji, maana maandishi ya mji ule hakuyajua.

Siku ya msiba, mama mkwe wake, bibi Mariana, alimpigia simu.

"Sanduku litaleta mwili," alisema. "Mtu mwenyewe utamleta wewe. Nenda pale kitandani alipofia, mwite, kisha mwongoze. Kila kona mwambie tunapinda huku. Usigeuke nyuma. Ndivyo bibi zangu walivyowarudisha waliofia mbali."

"Mama, mimi ni katekista."

"Nimekukataza kusali? Sali. Halafu niletee mwanangu."

Siku moja kabla ya chai ile alikwenda hospitalini. Alisimama kando ya kitanda, akasali Raha ya Milele, akasema polepole, "Mama Elieth, twende nyumbani." Elieth ndiye mtoto wao wa kwanza. Kisha akatoka, akitaja njia kwa vitu alivyoviona. "Tunapinda kulia, hapa penye muuza maua. Tunavuka. Ngoja kwanza, hawa hawasimami hata ukiwa na msalaba mkononi. Sasa kushoto, penye tangi la maji la bluu." Ndani ya bajaji alijisogeza pembeni ili abakishe nafasi. Kwenye lifti alizuia mlango mpaka alipohisi mwenzake ameingia. Na tangu kona ya pili alisikia nyuma yake mlio mdogo, kama kengele ndogo sana, hatua kwa hatua, ukimfuata. Alimshukuru Mungu njia nzima.

Baada ya chai alipanda chumbani, namba mia nne kumi na mbili. Chumba kilinuka asumini, asumini iliyolala kwenye maji siku nyingi. Selestine akasimama. Agnetha alinukia sabuni ya kipande na moshi wa kuni.

"Mwangaluka, Mama Elieth," alikisalimia kiti cha dirishani. Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kwa miaka ishirini na mbili Agnetha hakuwahi kuiacha bila jibu, hata siku walizogombana.

Hakukuwa na jibu. Kilichofuata ni zile kengele, zikitoka pale kwenye kiti na kuja taratibu kama mtu aliyesikia anaitwa lakini hajui aseme nini, na juu ya vigae zikatokea nyayo zenye maji, wayo mmoja halafu mwingine, nyembamba kuliko za Agnetha, vidole vikimwelekea yeye, zikaja mpaka mbele ya viatu vyake na kusimama, na ndipo mkono wa baridi usioonekana ulipoushika mkono wake, ukaung'ang'ania, kama mtoto aliyepotea gulioni Kahama akapata mtu mzima wa kumshika. Agnetha hakuwahi kuvaa vikuku vya kengele miguuni maisha yake yote.

Alipiga simu kwa mkono uliobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Niliye naye siye."

Bibi Mariana akauliza, "Ulimwitaje?"

"Mama Elieth."

"Agnetha hukulitaja?"

"Sijawahi kulitaja, mama. Mama wa watoto wangu nimwite kwa jina kama mtoto wa jirani?"

"Miaka ishirini na mbili unaliogopa jina la mwanangu kama vile amekuzaa." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Ile ni heshima ya walio hai, baba. Pale wanakufa wangapi kwa siku? Na wangapi wana mtu wa kuwafuata? Umesimama katikati yao unaita bila jina, amekuja mwenye hamu zaidi. Wangu yuko pale kitandani bado. Amekuona unaondoka na mwanamke mwingine."

Gari la uwanja wa ndege lilikuwa la saa kumi. Ilikuwa saa sita na nusu.

Alirudi hospitalini, akimtajia yule mgeni kona zile zile kwa kinyumenyume, maana aliona ni vibaya kumtupa njiani. Dereva wa bajaji alitazama kwenye kioo mara moja tu, akaanza kusali kwa lugha yake, na hakutazama tena mpaka mwisho. Getini mlinzi alimzuia. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, na yeye hakuwa na mgonjwa tena.

Selestine alisimama pale juani, uso kwenye madirisha ya ghorofa ya nne, alikofia Agnetha.

"Mama," alianza na yule wa kando yake, "nisamehe. Sikuwa nakuita wewe. Watu wako siwajui, ningekupeleka."

Mkono wa baridi ulikaza, kisha ukamwachia. Kengele zikashuka chini, zikatulia, kama mtu anayeketi kwenye ngazi kungoja tena. Selestine alitamani huyo apate angalau ndugu mmoja wa kumwita. Akafuta uso kwa kiganja.

"Agnetha," alisema. Jina lilimkwama, akalirudia. "Agnetha binti Mihayo. Ni mimi, Selestine. Twende nyumbani."

Watu waligeuka kumwangalia. Hakuna kilicholia. Aliita tena na tena, mpaka saa ikambana, akapanda bajaji na kuanza kuzitaja kona. Alizitaja hadi hotelini, na baadaye hadi uwanja wa ndege, na nyuma yake hakusikia kitu.

Walimzika Agnetha Ushirombo siku ya Jumamosi. Padri alipomaliza, bibi Mariana alipiga magoti kaburini, akasalimia, akatega sikio. Kisha akainuka.

"Hujamleta."

"Nilimwita, mama. Kwa jina."

"Ulimsubiri?"

"Muda haukuwepo. Nilipanda bajaji."

"Bajaji." Akamgeukia. "Kutoka kisimani mpaka mlangoni, mwanangu alikuwa anapumzika mara ngapi?"

"Mara nne," alisema Selestine, na palepale akaelewa kwamba moyo ule haukuweza kuifuata bajaji. Bibi Mariana akajifunika uso kwa kanga.

Jumatatu mchana ikaingia simu ya India. Alikuwa dada wa mapokezi wa hoteli, akiongea Kiingereza cha polepole ili Selestine aambulie. Alisema samahani. Alisema chumba mia nne kumi na mbili ni kitupu tangu alipoondoka, wamekikagua, wamekifunga, na bado simu ya mle ndani inapiga mapokezi kila siku. Ni mwanamke. Anahema. Lugha yake hakuna anayeijua, ila wamelitambua jina moja, Elieth, ambalo Selestine aliliandika kwenye fomu ya hoteli.

"Tafadhali, bwana," alinong'ona yule dada. "Ongea naye wewe."

Ikalia klik. Halafu pumzi, za mtu aliyepanda ngazi nyingi akisimama kila baada ya tatu.

"Baba Elieth," alisema Agnetha. "Nimefika. Mbona hupo?"

Selestine aliketi chini kwenye vumbi la ua wa nyumbani. Hakulia, kwa kuogopa asisikike vizuri. Alianza kumwelekeza, taratibu, akilitaja jina lake kila mara: Agnetha, toka mlangoni, shika kushoto. Agnetha, lifti iko mwisho, usiogope, inashuka yenyewe. Nje pinda kulia. Pumzika hapo. Sasa barabara kubwa, pumzika tena. Kila kona Agnetha aliitikia, "Ehe." Akamfikisha hadi kwenye milango ya vioo ya uwanja wa ndege.

"Ehe," alisema Agnetha. "Halafu?"

Selestine aliishika simu kwa mikono miwili. Kutoka pale yeye na sanduku waliruka juu ya mawingu usiku kucha, na hakuona kona hata moja ya kumtajia.

"Baba Elieth," alisema Agnetha, akihema. "Halafu wapi?"