Bukari kwa kijiko

Kitu cha kwanza Syntiche alichoona kilikuwa kijiko. Dada yake Wivine alikuwa anakula bukari kwa kijiko, peke yake, kwenye ngazi ya mlango. Nyumbani kwao Ruashi bukari, yaani ugali, huliwa kwa mkono, wote wakizunguka sahani moja.

Ulikuwa wakati wa Corona. Wivine alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda.

"Yaya, kuya kula na shiye," Syntiche alimwita dada yake mkubwa aje kula nao.

"Apana. Nikibaletea bugonjwa, mukakufa, nitasema nini?"

Wivine alikosa usingizi. Alinawa mikono hadi ngozi ikapasuka. Kikombe kikianguka, alishtuka na kulia.

Kwenye bomba la lupango, ua wao wa pamoja, majirani walivuta ndoo zao alipofika.

"Mama Corona huyu," alisema Mama Mumba, jirani wa chumba cha mbele. "Ngoja shiye tumalize. Ao uteke mayi ku lopitalo yako."

Wanawake wakacheka. Wivine akarudi na ndoo tupu. Hasira ilimpanda Syntiche, lakini alikuwa mtu wa haya. Akaimeza.

Floribert, mume wa Wivine, naye alikosea. "Infirmière, muuguzi muzima, anaogopa bugonjwa? Hiyo iko roho mubaya, pepo. Funga, uombe." Kikundi chake cha sala kikakubali. Wivine akawa anakwenda kazini bila kula, bila kulala. Siku moja mikono ilimtetemeka, akashindwa kupata mshipa wa mgonjwa. Akakaa sakafuni. "Siwezi tena," alisema. "Naacha kazi."

Faustin ndiye aliyemrudisha nyumbani. Kazi yake kituoni ni kuwasikiliza wagonjwa na wauguzi waliolemewa moyoni.

"Papa Floribert, nani alimwambia afunge?"

"Ni mimi. Tulikuwa tunamusaidia."

"Mulikuwa munamumaliza." Faustin hakuficha hasira yake. "Kila siku anaona bantu banakufa. Anaogopa kuwaletea bugonjwa. Woga huo hauko pepo, hauko aibu. Ata mimi niko nao. Lakini bila chakula, bila usingizi, bila mtu wa kusema naye, ata chuma kinavunjika."

"Sasa sala tuache?"

"Sala muombe. Lakini ale. Alale. Kazi za nyumba mugawane. Akitaka kusema, mumusikilize, musimwambie 'jikaze'. Kituoni tutamupumzisha kidogo, tena sisi wafanyakazi tunakaa pamoja, kila mutu anatoa yake ya moyoni. Na akisema heri afe, musingoje kesho. Mumulete palepale."

"Na kula?" aliuliza Syntiche. Wote wakamgeukia. Mara chache walimsikia mbele ya mgeni.

"Mukae inje penye hewa, muachiane nafasi. Kila mutu na sahani yake. Lakini musimuache peke yake."

Jioni ile Syntiche alitandika mikeka nje, akagawa sahani na vijiko kwa wote. Floribert alikigeuzageuza chake.

"Hii bukari inanikimbia," alilalamika.

Wivine akacheka. Walikuwa wamesahau cheko lake.

Wakaendelea hivyo. Wivine alianza kulala. Aliwaambia wenzake kituoni mambo aliyokuwa anayaficha, akakuta nao wanayaficha yaleyale. Mikono ikatulia. Hakuacha kazi.

Kwenye bomba, hakuna kilichobadilika. Jioni moja Mama Mumba aliwaona mikekani, akaacha ndoo yake chini ya bomba na kupaza sauti.

"Bukari na kijiko? Mumekuwa bazungu? Ao Mama Corona amebaambukiza majivuno?"

Syntiche aliweka sahani chini. Alichukua ndoo ya dada yake, akaenda nayo hadi bombani. Safari hii hasira hakuimeza.

"Mama Mumba, wakati ulizaa Dieumerci, mikono ya yaya njo ilimupokea. Ulimushika nguvu, haukuuliza ametoka kwa mugonjwa gani. Mutoto akihema mubaya, utagonga kwetu tena, na yaya ataamuka. Yeye iko vile. Mimi siko vile. Tangu siku ya kwanza niko na hasira juu yenu bote. Sogeza ndoo yako."