Magunia Juu ya Kenchi

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Salvina aliteka maji kisimani, akafagia uwanja, akawafungulia mbuzi, kisha akaketi barazani na kitabu chake kinene mapajani. Tangu arudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam alikuwa hivyo hivyo. Mama yake alipopita na ungo wa mtama alimtupia jicho, akatikisa kichwa.

"Likizo gani hii, mwanangu? Wenzako wanasukana nywele, wewe unachora pembetatu."

"Nasoma mapema, mama, ili muhula ujao usinipe taabu."

Huo ulikuwa uongo. Salvina alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, na masomo yote alikuwa amefaulu isipokuwa moja, lile la majengo ya chuma. Somo hilo linamfundisha mtu kujua chuma kiwe kinene kiasi gani, na kikae vipi, ili kibebe mzigo wake bila kupinda. Salvina alianguka vibaya katika somo hilo. Likizo ikiisha alitakiwa kurudia mtihani, na akianguka tena, chuo kwaheri.

Nyumbani hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kijiji kizima, pale karibu na Ushirombo, kilikuwa kinamwita injinia. Baba yake, Mzee Clemens, alikuwa hakosi kulitaja jina hilo popote alipokaa na wenzake, hata kama mazungumzo yalikuwa ya ng'ombe.

Jina lenyewe lilitokana na ghala la pamba. Ghala la zamani la miti lilikuwa limeliwa na mchwa likabaki unga. Kijiji kikapata vyuma vya pembe, vile vyenye umbo la herufi L, vilivyotoka katika karakana kuukuu ya mgodi uliofungwa kule Geita, na Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mihayo, akataka lijengwe ghala pana lisilo na nguzo katikati, ili watu wageuke na mizigo yao bila kugongana. Salvina alipokuja likizo iliyotangulia, Mwenyekiti alimwendea mwenyewe.

"Mayu," alimwambia, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu hata akiwa binti mdogo, "tuchoree kenchi za kushika paa. Tuna msomi wetu, kwa nini tukahangaike mbali?"

Hapo ndipo Salvina alipaswa kusema kwamba somo hilo lilikuwa bado linampiga chenga. Lakini baba yake alikuwa amesimama pale pale, uso unamng'aa, na sifa nazo ni tamu. Akakubali. Usiku huo akalala na wazo moja: kitabuni kuna mfano wa kenchi za banda, atautumia huo. Banda la kitabuni lilikuwa jembamba kuliko ghala la kijiji, kwa hiyo akaongeza upana. Unene wa vyuma akauacha ulivyokuwa. Fundi wa kijiji, Leodgar, akaifuata michoro ile bila kupindisha, akatoboa matundu kwa keekee, akafunga bolti na nati, mabati yakapigwa, na watu wakaja kutazama paa lililosimama bila nguzo.

Sasa turudi barazani. Asubuhi hiyo Salvina aliokota bua refu la mtama. Akalivuta kwa nguvu kutoka pande zote mbili, lisikatike. Kisha akalisimamisha sakafuni na kulikandamiza kwa kiganja. Bua likapinda palepale, likavunjika. Akavunja kipande kifupi, akakikandamiza vilevile. Hicho kilikaa imara mpaka kiganja kikamuuma.

Alibaki amekitazama. Mambo ambayo mwalimu alikuwa akiyaeleza ubaoni muhula mzima yalimwingia akilini akiwa ameketi peke yake na mabua. Chuma chembamba kikivutwa kinastahimili sana, lakini kikikandamizwa kinapinda upesi, na kadiri kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyozidi kupinda. Katika kenchi kuna vipande vinavyovutwa na vipande vinavyokandamizwa, na yeye alikuwa amevirefusha vyote bila kuviongezea unene.

Akachukua penseli akapiga hesabu za ghala la kijiji, akiandika na kufuta. Mwishowe akashusha pumzi. Kwa uzito wa mabati na upepo peke yake, kenchi zile zilikuwa zinajimudu, ingawa kwa shida. Alijisikia kama mtu aliyeponyoka, na akajiambia kwamba hakuna haja ya kulisema jambo hilo kwa mtu yeyote.

Kesho yake soko la pamba lingefunguliwa. Kwa hiyo saa nne Salvina na mama yake walijitwika mafurushi ya pamba yao kwenda kuyaweka ghalani. Salvina alipoingia mlangoni na kuinua macho, furushi lilimponyoka kichwani.

Juu ya kenchi, kutoka ukuta hadi ukuta, zilikuwa zimelazwa mbao, na juu ya mbao yalikuwa yamepangwa magunia ya pamba, mistari kwa mistari. Vijana wawili walikuwa huko juu wakivuta gunia jingine kwa kamba. Chini, wazee walikuwa wameketi wakizungumza, na akina mama wakichambua uchafu katika pamba yao.

Wala hakukuwa na wa kulaumiwa hapo. Kwa watu wa kwao, kitu cha thamani hakikai chini. Mahindi, karanga, mbegu za msimu ujao, vyote hupandishwa darini juu ya jiko, mbali na mchwa na panya. Nyumba ya Salvina mwenyewe ilikuwa hivyo, na tangu utotoni alikuwa akipanda huko kushusha mahindi. Waliotoka vitongoji vya mbali walileta pamba mapema, wakafanya walichokijua. Kilichomchoma Salvina ni kwamba yeye, mtoto wa nyumba hizo hizo, alichora paa bila kuuliza watu wataliweka nini juu yake. Alikuwa amechora kwa ajili ya banda la kitabuni.

Akatazama vizuri. Kipande kimoja cha mshazari, katikati ya kenchi ya pili, kilikuwa kimeanza kubinuka kama upinde.

"Fundi Leodgar, shikamoo," alimwambia fundi aliyesimama karibu na ngazi. "Nani kasema magunia yapandishwe?"

"Marahaba, injinia. Hakuna aliyesema, kwani dari si la kuwekea vitu?"

"Yashusheni. Yata... yatachubua rangi ya vyuma."

Leodgar alicheka, na vijana wa juu nao wakacheka. "Rangi tutapaka nyingine. Kama boriti za nyumbani zinabeba mahindi, chuma cha Geita kishindwe na pamba?"

Salvina aliinua tena macho kwenye chuma kilichobinuka. Angesema nini zaidi bila kusema yote? Akageuka akaondoka mbiombio, mama yake akimfuata nyuma na maswali.

Mchana ugali uliwekwa, yeye akabaki anafinyangafinyanga tonge moja tu. Mama yake alisukuma bakuli la mlenda pembeni.

"Haya, sema. Tangu ghalani hujawa mtu."

Salvina akasema. Alieleza somo aliloanguka, mtihani wa marudio, mfano aliounakili kitabuni, na kile chuma kilichobinuka. Alilia alipofika kwenye habari ya baba yake. "Baba atauweka wapi uso wake, mama? Kijiji kizima kitasema alikuwa anajivunia mtu asiyejua kitu."

Mama yake alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akanawa mikono.

"Unanieleza mimi ili iweje? Mimi nimekaa hapa jikoni, paa hilo haliniangukii. Walio chini yake wako ghalani sasa hivi. Inuka, twende."

Walimkuta Mzee Mihayo amekaa na wajumbe wa kamati nje ya ghala, chini ya ukuta wenye kivuli, na Mzee Clemens akiwa mmoja wao. Salvina alipiga goti akaamkia.

"Mwenyekiti, naomba watu wote watoke ghalani. Sasa hivi, tafadhali. Kenchi zile haziwezi kubeba magunia."

"Kwa nini zisiweze, mayu? Si ulizichora mwenyewe?"

"Ndiyo, nilizichora, na nilizichora vibaya. Mtihani wa somo la vyuma nilianguka. Vipimo nilivitoa katika mfano wa banda dogo, sikupiga hesabu yoyote. Leo nimepiga. Kuna chuma kimeshaanza kupinda."

Salvina hakuthubutu kumtazama baba yake, lakini alimsikia akiguna kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mzee Mihayo hakuuliza la pili. Alisimama, akaingia mlangoni, akaagiza watu watoke taratibu bila kusukumana, na wale wazee wenye mazungumzo marefu wakatolewa na mazungumzo yao.

Watu walipokwisha kutoka, Mwenyekiti alimgeukia Salvina. "Haya. Magunia yanashushwaje?"

"Yaanze ya katikati, huko ndiko vyuma vinakoumia zaidi. Vijana wakae karibu na ukuta, wayavute kwa kamba, wayashushe pembeni. Asipite mtu chini ya kenchi."

Ikawa hivyo. Fundi Leodgar alipanda ngazi mwenyewe, akakigusa kile kipande kilichobinuka, akashuka akiwa ameacha kucheka. Kazi ilichukua mchana wote. Kila gunia lilipogusa ardhi Salvina alihisi kama limeshuka kutoka mabegani kwake, na la mwisho liliposhuka aliketi chini mchangani, mbele ya watu, akalia tena, safari hii kwa kupumua. Hakuna aliyeumia. Hata kuku hakuumia.

Soko halikuahirishwa. Kesho yake wanakijiji walisimamisha miti mitatu uwanjani, wakaifunga vichwa pamoja na kuning'iniza mizani, na pamba ikapimwa nje. Wako walionong'ona, ndiyo. Kijana mmoja alimwita "injinia wa kitabu kimoja," na wenzake wakacheka. Salvina aliliona hilo jepesi kuliko alilolibeba jana.

Mzee Mihayo akamtafutia nafasi katika lori linalokwenda Ushirombo, aende na hesabu zake kwa mhandisi wa ujenzi wilayani, Bwana Selestine. Mhandisi alizipitia mstari kwa mstari.

"Hapa umepatia," alisema mwishowe. "Unataka kuongeza vipande vya kukatisha vile virefu katikati, ili vinavyokandamizwa viwe vifupi. Vizuri. Ila hapa umesahau kitu. Mzigo wa dari usilale mahali popote tu. Mbao zikae juu ya maungio, pale vyuma vinapokutana, si katikati ya chuma kitupu." Akampa penseli. "Rekebisha mwenyewe. Sitakurekebishia."

Salvina akarekebisha, mhandisi akatia sahihi. Vyuma vya pembe vilivyosalia nyuma ya ghala vilitosha. Fundi Leodgar alikitoa kile kilichopinda, akaweka kingine, akaongeza vipande vyote vilivyochorwa, na safari hii Salvina alikuwa karibu yake kwenye kila bolti, akimweleza kipi kinavutwa na kipi kinakandamizwa. Leodgar aliuliza maswali mengi, na mengine Salvina hakuyajua, akasema hajui, akayapeleka kwenye kitabu.

Muda wote huo baba yake alikuwa anamjibu salamu tu. Hilo lilimuuma kuliko dhihaka za vijana. Siku magunia yalipopandishwa tena, Bwana Selestine akiwepo kukagua, watu walisimama nje wakitazama. Gunia baada ya gunia likapanda, na kenchi zikabaki zimenyooka vilevile. Mhandisi alipoitikia kwa kichwa, ameridhika, watu walipiga makofi, wakaanza kuingia. Salvina alibaki mlangoni. Mzee Clemens akaja akasimama karibu naye.

"Nilikasirika," alisema. "Nikuambie kweli, nilikasirika sana."

"Najua, baba. Nilikuaibisha."

"Wewe hujajua. Sikukasirika kwa sababu umeanguka mtihani. Nilikasirika kwa sababu uliogopa kuniambia, na nikajiuliza nani alikufundisha kuogopa. Ni mimi, na hilo jina la injinia nililokubandika kabla hujalipata." Akawatazama akina mama waliokuwa wanakaa chini ya kenchi na mafurushi yao. "Kutojua si aibu, mwanangu. Shuleni ndiko watu wanakopeleka kutojua kwao. Lakini ukijua una kosa ukalifunika, wanaokaa chini yake ni wengine. Ukianguka mtihani, unarudiwa. Hawa paa likiwaangukia, hawarudiwi."

Salvina akaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema baba yake, akipangusa uso kwa kiganja. "Huo mtihani wenyewe ni lini? Nikakutafutie lori la kukufikisha Isaka, uwahi treni."