Bakora ya Mzee Mwinjuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kudra hufagia uwanja huku bibi yake, Mwanamkuu, akikuna nazi. Kazi hizo hazifanyiki kimya, maana bibi hana asubuhi isiyo na kitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Halina miguu, lakini hufika Kibaha kabla ya bodaboda."

Kudra alisimamisha ufagio. "Upepo?"

"Upepo una mbio, lakini siyo huo."

"Basi bibi, chukua Maneromango."

"Maneromango ulinipa wiki iliyopita, mke mwenzangu. Nipe mji mwingine au uendelee kufikiri."

Mtu alicheka barazani. Alikuwa dada Tereza. Kudra akainama, akafagia kwa nguvu mpaka vumbi likatimka.

Tereza alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja Kisarawe akaomba kukaa kwa bibi Mwanamkuu ili ajifunze, kwa maneno yake mwenyewe, "namna watu wanavyoishi." Kudra hakuliamini somo hilo. Msomi mzima anauliza nani hula sinia moja na nani, na kwa nini mjomba asipokuja harusi haifungwi? Mambo hayo hata mtoto anayajua. Tena siku moja alimsikia akiuliza, "Bibi, ile minazi ya bondeni, siku ikigawanywa atapata nani?"

Kudra aliingiwa na shaka. Mwaka uliopita baba yake aliuziwa kiwanja na tapeli kule Picha ya Ndege, Kibaha. Alikwisha kufyatua tofali ndipo akatokea mwenye kiwanja halisi. Yule tapeli naye alianza hivyo hivyo, kwa upole na maswali mengi.

Jioni, kwenye bomba la maji, Kudra aliwaambia wenzake. Angeweza kusema kwamba ana wasiwasi tu. Badala yake alisema, "Yule mgeni amekuja kupima shamba letu. Nimemwona na kamba."

"Kamba ndefu?" aliuliza Zuwena, rafiki yake.

"Ndefu," Kudra alijibu, ingawa hakuwa ameona kamba yoyote.

Tangu siku ile, Tereza akipita, watu walinyamaza. Akisalimu, waliitikia nusu nusu. Kudra aliyaona hayo akajiambia kwamba amelinda minazi ya bibi.

Wiki hiyo hiyo jirani yao, Mzee Mwinjuma, alifariki. Baada ya maziko, wanawake walijaa ndani na wanaume wakakaa nje chini ya turubai. Kudra alikuwa akichota maji uani alipomwona Tereza akitoka mlango wa nyuma, akitazama huku na huku. Ndani ya kanga yake mlichomoza ncha ya bakora ya marehemu. Akaifukia kwenye rundo la makumbi ya nazi nyuma ya jiko, kisha akarudi ndani kama mtu asiyejua lolote.

Kudra alikwenda moja kwa moja kwa Seif, mjukuu wa marehemu, kijana aliyekulia mjini Kibaha. Haukupita muda, Tereza akawa amezungukwa na vijana uani.

"Kamba kwa minazi, mikono kwa bakora," alisema Seif. "Dada, chuo chenu kinafundisha wizi?"

"Mimi ni mtani wenu, kaka. Nimechukua bakora ili..."

"Mtani gani anayekuja na kamba? Kafungashe vitu vyako, uondoke leo."

Bibi Mwanamkuu alitoka ndani akijikongoja, akacheka.

"Seif, mji umekusahaulisha asili yako. Mnyamwezi ni mtani wetu tangu enzi za babu zetu. Mtani akija msibani huficha kitu cha marehemu, na wafiwa hukikomboa kwa kuku. Mimi ndiye niliyemtuma. Msiba usio na mtani ni kama ubwabwa usio na nazi."

Wazee waliguna kwa kukubali. Lakini mjumbe, Mzee Mwinyimadi, hakucheka.

"La bakora tumelielewa, mama. La kamba je? Kijiji kizima kinasema anapima mashamba. Kwa hilo, kesho asilale hapa."

Tereza aliwatazama mmoja mmoja. "Kamba gani, mzee?"

Kudra aliwaza. Akinyamaza, dada Tereza ataondoka na jina la tapeli. Akisema, aibu itakuwa yake mbele ya watu wote.

"Hakuna kamba," alisema. "Mimi ndiye niliyeitunga."

"Uliona nini hasa?" Tereza aliuliza taratibu.

"Sikuona. Nilikusikia ukiuliza habari za minazi. Nikadhani."

"Niliuliza ili nijue kama hapa shamba hurithiwa upande wa mama au wa baba. Kwetu tuna desturi yetu. Ningefurahi kama nawe ungeniuliza."

Mzee Mwinyimadi alishusha pumzi. "Basi mgeni atakaa. Seif, kamata kuku."

Tereza alipokea jogoo, akaifukua bakora, akaipeleka ndani kwa mjane. "Mume wako alikuwa mchoyo wa kuku wake. Leo kafa, nimemuweza." Mjane, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, alicheka mpaka machozi yakamtoka upya.

Njiani kurudi nyumbani, bibi alimshika Kudra mkono.

"Kutilia shaka si kosa, mjukuu wangu. Baba yako angetia shaka mapema, asingetapeliwa. Lakini shaka huulizwa, haitangazwi. Ulichokiona kiite ulichokiona, na ulichodhani kiite dhana. Ukivichanganya, utamtia mtu motoni kwa kosa asilolifanya. Haya, lile lisilo na miguu umelijua?"

"Neno, bibi."

"Basi lifuate lilikokwenda."

Kudra alichukua ndoo, akaenda bombani. Zuwena alikuwepo na wenzake.

"Eti ile kamba ya mgeni ilifika mpaka mtoni?" aliuliza Zuwena.

Kudra aliitua ndoo. "Haikuwepo," alisema. "Kaeni, niwaeleze."