Dondoo la Ras Kitau

"Ndege imeruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi," Uthman alisema kwenye simu. "Mnunuzi yumo. Umempata mtu wetu?"

"Bado."

"Unangoja nini, Nasreen?"

Akamweka bosi wake kwenye spika, simu mezani. Kwenye skrini ya kompyuta yake, ThinkPad, maandishi mekundu yalikuwa yametokea tena: Kigezo kina kosa.

Alitamani kuitupa baharini.

Nasreen, jasusi wa idara ya usalama, alikuwa na wiki tatu Shela, kisiwani Amu, akijifanya mtalii kutoka Mombasa. Alitumwa atafute kitabu kimoja tu. Kiliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na hakikuwa na nakala nyingine. Kiliibwa nyumbani kwa Bi Ummu, kule Siyu. Nasreen alipekua boti, maduka ya vinyago, mizigo ya gati la Mokowe. Hakupata hata karatasi.

Kisha mtu akaanza kukinukuu.

Kwenye kamusi ya mtandaoni, ile ambayo yeyote aweza kuihariri! Chini ya neno hili na lile, mtu asiyejitaja jina alikuwa akibandika sentensi za kitabu kile, kila moja ndani ya kigezo cha kunukuu, yaani fomu ya kujaza: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, ukurasa. Bi Ummu aliposomewa kwenye simu alilia. Yalikuwa maneno ya babu yake.

Aliyeyaandika alikuwa na kitabu mkononi.

Nairobi wangeweza kujua alipo, lakini ikiwa tu angekaa mtandaoni kwa muda. Yeye alikuwa akiingia, akibandika dondoo moja, akipotea.

Ilibidi achokozwe.

Nasreen alichukua dondoo lake moja, "Sikusikia, nimeona kwa mato," akalipotosha. Mato, yaani macho kwa Kiamu, akayageuza moto. Katika herufi za Kiarabu zisizo na irabu, maneno hayo mawili hufanana. Msomi akiona kosa kama hilo atawashwa mwili mzima.

Lakini kigezo kilimkatalia. Mara kasahau bano. Mara mstari wima umekaa pasipo pake. Alipokipatia, mhariri mmoja wa kamusi aitwaye Nerea, huko aliko, akalifuta dondoo papo hapo.

Chanzo hakina ukurasa. Tafadhali soma maelekezo.

"Huyu mwanamke ataniua," Nasreen alinong'ona.

Akajaza ukurasa wa uongo. Akabonyeza.

Likakaa.

Chai ilipoa. Kisha maandishi mapya yakatokea.

Si moto. Ni mato. Usiharibu.

Una hakika? Nasreen akaandika. Mimi nasoma moto.

Huna kitabu weye. Ninacho mimi.

"Uthman! Yuko hewani!"

"Tunamwona. Mchokoze tena."

Akamchokoza. Mtu yule akamjibu kwa hasira, sarufi juu ya sarufi, mpaka Uthman akapiga kelele: "Ras Kitau! Nyumba nyeupe yenye gati la mbao!"

Nasreen akainua macho. Ng'ambo ya mkondo, usoni pake kabisa, nyumba ile ilikuwa ikimetameta juani. Wiki tatu alikuwa akinywa chai akiitazama.

Akatukana, akajitupia buibui, akaficha bastola yake ya Glock ndani ya kapu, akateremka ngazi mbio.

Mashine ya boti, Yamaha, ilikataa kuwaka. Akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, akaipiga teke, ikanguruma.

Mlinzi wa mlango wa jikoni wa nyumba nyeupe alimwona mwanamke wa buibui akija na kapu. Hakuiona bastola mpaka ilipomgusa shingo. Nasreen akamfunga pingu kwenye nguzo, akaingia.

Chumbani mwanamume mwenye miwani alikuwa ameinamia kitabu kikuukuu.

"Weye ndiye wa moto?" aliuliza.

"Ndiye mimi. Nani wewe?"

"Fawaz. Mwalimu wa madrasa, Amu. Waliniambia ndoo huku utusomee zitu za kale, siku moya tu. Nilipofika wakanifungia. Simu wakanipokonya. Wakaniatia kompyuta tu, nitafute maneno magumu nimfasirie Mzungu mnunuzi, Renaud."

"Una mtandao, ukashindwa kuwaandikia polisi?"

"Mlinzi hutazama kila niandikalo, Bi. Kamusi tu ndiyo haijali, huona ni kazi. Nikasema kitabu kikenda, maneno yasende yote."

Nje boti iliyotoka uwanja wa ndege ilizima mashine. Kabla Nasreen hajageuka, mlango ulimgonga bega. Renaud, mnunuzi, alikinyakua kitabu mezani na kutimka nacho.

Nasreen akamfuata mbio, bastola juu. Hakuweza kupiga. Renaud alikuwa amekikumbatia kifuani.

Mwisho wa gati akasimama, akakining'iniza juu ya maji.

"Hatua moja, kinazama," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Wino huu haustahimili maji."

Nasreen akaganda. Wiki tatu, na sasa hivi!

Fawaz akaja nyuma yake, miguu mitupu.

"Kitupe," akasema.

"Fawaz!"

"Kitupe, Bwana Renaud. Nimeshakinukuu chote, mwanzo hata mwisho. Ulimwengu mzima unakisoma bure. Nani atakinunua kwako tena?"

Renaud akamkodolea macho. Akakitazama kitabu kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. Mkono wake ukarudi ndani.

Ilitosha.

Nasreen akamrukia. Kiwiko kikampata kooni. Kitabu kikaanguka juu ya mbao, si majini. Pingu za pili zikalia. Nahodha wa boti akainua mikono bila kuambiwa.

"Kweli umekinukuu chote?" Nasreen aliuliza, akihema.

"Hata robo sijafika," Fawaz alisema. Akainama, akakiokota kitabu.

Simu ikaita. Uthman.

"Kimepatikana," Nasreen alisema.

"Hongera. Kilete Nairobi leo. Ni ushahidi, kitakaa stoo mpaka kesi iishe."

Nasreen alizijua stoo zile. Alizijua na kesi. Bi Ummu alikuwa na miaka themanini.

"Mtandao unakatika," alisema.

"Mimi nakusikia vizuri sana, Nas..."

Akakata, akachomoa laini, akamkabidhi Fawaz ile simu.

"Piga picha kila ukurasa, za mwenyewe, Bi Ummu. Taratibu. Haondoki mtu hapa mpaka umalize."

"Itanitukulia mchana kutwa, Bi."

"Basi nitaogelea."

Akavua viatu, akampita Renaud bila kumtupia jicho, akashuka mchangani.