Ndoo ya Asali ya Apolinaria

Kila siku, akishatoka shule na kumaliza kupalilia shamba la kijiji, Apolinaria alipita msituni kuutazama mzinga wake. Ulitundikwa juu ya mti wa mninga, nao ndio pekee aliobaki nao. Mingine yote ya marehemu baba yake ilichukuliwa na baba mdogo Raymundi, aliyesema anakwenda kuitunza. Aliitunza kwelikweli! Aliipakia kwenye mkokoteni, akashika njia ya Urambo, na tangu hapo hakuonekana tena.

Kuanzia siku hiyo Apolinaria aliapa kutomwamini mtu yeyote. Hata walipohamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Ntalikwa, ambako karibu kila kazi ilifanywa pamoja, yeye alimfunga kuku wake kwenye mguu wa kitanda.

Jioni moja Mzee Mahona, jirani yao na mrina asali wa siku nyingi, alipita pale nyumbani.

"Shikamoo, mzee," Apolinaria alisema, uso kaukunja.

"Marahaba, mwanangu. Asali yako imeiva. Kesho twende wote. Kurina ni kazi ya watu wawili, mmoja juu na mmoja chini."

"Mimi nitakuwa juu, na chini nitakuwa mimi."

"Apolinaria!" mama yake alimkaripia. "Hivyo ndivyo unavyowajibu wakubwa?"

"Baba mdogo naye ni mkubwa, mama."



Kesho yake alasiri Apolinaria alikwenda peke yake na kamba, ndoo na mwenge wa majani makavu. Alikwea, akafukiza moshi, akakata masega mpaka ndoo ikajaa. Ubishi wake ulimpeleka vizuri hadi hapo. Lakini alipoishusha ndoo kwa kamba, ilinasa kwenye panda ya tawi la chini, ikagoma kushuka wala kupanda. Mara mwenge ukazimika, na nyuki wakaanza kumshambulia.

"Legeza kamba!" sauti ilisikika kutoka chini. Alikuwa Mzee Mahona, ambaye wasiwasi ulimfanya amfuate. "Nitainasua kwa fimbo hii ndefu!"

"Sitaki! Utaondoka nayo!"

"Basi kaa huko uliwe na nyuki, mtoto mbishi wewe!"

Nyuki mmoja alimdunga kwenye kope, mwingine sikioni. Apolinaria alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu, kisha akalegeza kamba. Mzee Mahona aliinasua ndoo, akaipokea, na papo hapo akatimua mbio nayo.

"Mwizi!" Apolinaria alipiga yowe. "Mwizi wa asali! Mkamateni!"

Watu walitoka mashambani na fimbo mikononi. Apolinaria aliposhuka na kuwafikia, walikuwa wamemkaba Mzee Mahona shingoni. Uso wake ulikuwa umevimba, macho hayafunguki. Ndoo ilikuwa chini, imefunikwa kwa shati lake, na hakuna hata sega moja lililopungua.

"Nyuki hufuata asali yao," alisema kwa shida, midomo imemvimba. "Ningeiacha pale chini ya mti, usingeshuka salama. Nimewavuta wanifuate mimi. Baba yako hakukwambia?"

"Alifariki kabla ya kunifundisha," Apolinaria alijibu.

Aibu ilimwingia, lakini hakuinamisha kichwa. Alipanda juu ya kichuguu, akapaza sauti ileile aliyopigia yowe: "Mwachieni! Huyu si mwizi! Mwenye kosa ni mimi, Apolinaria!"

Watu walimwachia. Mama yake, aliyefika akihema, alimshika bega.

"Mwanangu, sikwambii ufumbe macho na kumwamini kila mtu. Fungua macho, mtazame mtu anafanya nini, ndipo uamue. Lakini usimtwishe mtu kosa la mwenzake. Leo nusura watu wampige aliyekuokoa."

Apolinaria aliisukuma ndoo mpaka miguuni pa Mzee Mahona.

"Nisamehe, mzee. Gawa wewe, utakavyoona inafaa. Mimi nakwenda kukuchotea maji ya kuosha uso."

Akashika njia ya kisimani, na hakugeuka nyuma hata mara moja.