Shimo la Ndege Waliolala

Mwaka ule maduka ya Tukuyu yalianza kujaa tena sabuni na vitenge. Huko Suma, nyumbani kwa Mama Veronika, Lulu alikuwa akimenya ndizi za mchana. Mdogo wake, Faraji, alikuwa malishoni na mbuzi.

Watoto hawa walitoka Msumbiji. Vita viliwaua wazazi wao, nao wakatembea hadi wakavuka mpaka. Mama Veronika, mjane, aliwapokea. Majirani walimcheka, naye akawajibu, "Migomba yangu haihesabu midomo."

Njiani waliokolewa na amri za Lulu. Ukisikia mlio, shuka bondeni. Lala chini. Usiitike hata ukiitwa kwa jina, mpaka nikuguse. Faraji alizishika kama sala.

Asubuhi hiyo wajenzi wa barabara walilipua mwamba kwa baruti. Milima ikavuma. Lulu akatupa kisu, akakimbilia malishoni.

Chini ya malisho palikuwa na shimo pana, lenye majani mabichi na utulivu wa ajabu. Faraji alikuwa amejikunyata katikati ya mteremko. Chini yake ndege wadogo walilala majanini, mabawa yamekunjwa, bila jeraha, kama waliolazwa na mama yao. Lulu aliviona vifo vingi vitani. Kifo kisicho na kelele hakuwahi kukiona.

Alipoinua mguu ashuke, mkono ukamshika. Alikuwa Ezron, jirani yao, aliyewahi kufanya kazi kwenye visima vya gesi mlimani.

"Usishuke, mwanangu. Humo mna hewa inayoua. Inatoka ardhini, haina rangi wala harufu. Ni nzito, inatuama shimoni kama maji. Ukimfuata, tutazika wawili."

"Sasa nimwache?"

"Mwite apande. Kichwa kiwe juu."

Lulu aliita. Faraji hakuitika. Baruti ikalia tena, mtoto akateleza chini zaidi. Lulu aliita mpaka sauti ikakauka. Ndipo alipoelewa kwamba amri yake mwenyewe ndiyo iliyomfunga.

"Baba, hatatoka mpaka nimguse."

Ezron alikimbilia uzio wa malisho. Akang'oa mwanzi mrefu. Lulu akafunga kitenge chake nchani, akausogeza polepole mpaka kikagusa shavu la mdogo wake. Faraji akainua macho.

"Amri zile zimekwisha," Lulu alisema. "Shika. Simama. Panda."

Faraji alipanda mpaka akafika penye upepo. Akatapika, kisha akalia kwa sauti.

Watu walipokusanyika, Ezron alifunga majani makavu kwenye mwanzi, akayawasha, akayashusha shimoni. Moto ukafa, kama uliopulizwa na mtu asiyeonekana. Wanaume wakavua kofia. Mama Veronika akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa.

Ezron aliwaeleza kwamba huo haukuwa uchawi. Asubuhi za baridi zisizo na upepo ndizo mbaya zaidi. Ukiona ndege au wadudu wamekufa shimoni, rudi, panda juu, ita watu. Aliyeanguka usimfuate.

Wiki hiyo walizungushia shimo miti na miiba. Mbuzi, waliokuwa wakifa malishoni bila sababu kujulikana, wakaacha kufa.

Baruti zilipolia tena, Faraji alipanda mbio hadi uani. Mama Veronika akamwita kutoka jikoni.

"Naam," mtoto akaitika, na ng'ambo ya bonde wakamsikia.