Aliyejua Katuni Kabla ya Saa Tisa

Kila siku baada ya shule, Murielle alikwenda kuangalia katuni katika karakana ya Mama Léocadie, fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein. Kilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa lao, chenye cherehani mbili, rundo la vitenge na televisheni ndogo juu ya kabati. Saa tisa kamili ilianza saa nzima ya mashujaa wanaoruka angani, wanaopigana na mashine na kusafiri kwenda sayari zisizojulikana hata na mwalimu wa sayansi. Katuni zilisema Kiingereza, na Mama Léocadie hakukijua vizuri.

"Televisheni yangu, masikio yangu," alisema. "Murielle, nitafsirie. La sivyo nazima, tuangalie ukuta."

Basi Murielle, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo, alitafsiri. Sakafuni walikaa mdogo wake, Joël, pamoja na Falonne, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyetoka Uvira mwaka uliopita. Falonne alisoma shule nyingine, na aliishi na baba yake ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo.

Wiki hiyo Falonne aligeuka mtabiri.

"Leo chombo chao kitaanguka kwenye barafu," alimwambia Joël Jumatatu, kabla katuni haijaanza. "Tuwekeane dau, gwinya moja."

Joël alipenda magwinya, yale maandazi ya moto ya kona ya barabara, kuliko alivyompenda dada yake. Akakubali. Chombo kikaanguka kwenye barafu, gwinya likaenda. Jumanne likaenda la pili.

"Unajuaje?" Murielle aliuliza.

"Najua tu."

"Eish! Hata mtangazaji wa hali ya hewa hukosea, wewe hukosei?"

Falonne alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Murielle akaanza kumchunguza kama mlinzi wa duka anavyomchunguza mteja mwenye koti pana. Mbona alikumbatia begi lake kila mara mtu alipolikaribia? Mbona vidole vyake havikuwa na wino hata tone? Tena Mama Léocadie alilalamika kwamba bando la simu yake, iliyokaa mezani kutwa, linaisha upesi. Murielle akajumlisha: Falonne anaichukua simu kwa siri na kuangalia katuni mapema. Mwizi wa bando!

Jumatano Falonne alitabiri tena. "Leo Kamanda Zumaridi atamsukuma rafiki yake shimoni. Ni msaliti yule."

Kweli, kamanda mwenye mavazi ya kijani akamsukuma rafiki yake shimoni. Murielle akatafsiri: "Anasema, 'Ingia upesi! Bomu linalipuka, nitabaki mimi!'"

Falonne akashika mdomo. "Kumbe alikuwa anamwokoa?"

Murielle akamtazama kwa jicho la pembeni. Mtu anawezaje kujua tendo lote, halafu ashangazwe na maneno? Simu ya Mama Léocadie ilikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima; aliyeangalia humo angesikia kila neno.

Alhamisi walimu wa Murielle walikuwa na mkutano, wanafunzi wakaachiwa mapema. Saa nne na robo alipita kwenye duka la televisheni kuukuu. Nyuma ya kioo na nondo, televisheni sita zilionyesha mashujaa walewale bila sauti. Kumbe katuni za alasiri zilitangulia kuonyeshwa asubuhi! Na mbele ya kioo alisimama Falonne, na sare yake, begi mgongoni.

"Nanyi mmeachiwa?"

"Ndiyo. Mwalimu wetu ana... ana harusi."

"Harusi? Alhamisi, saa nne asubuhi?"

Falonne akaanza kulia. Alitoa barua kwenye begi, imekunjwa mpaka pembe zimechakaa. "Mwalimu alinipa wiki iliyopita, nimpelekee papa. Ina muhuri mwekundu. Najua nafukuzwa, kwa kuwa Kiingereza nasoma vibaya. Papa alizunguka miezi mitatu kunitafutia nafasi. Akiniuliza, namwambia shule ni nzuri. Kila asubuhi naondoka, nakuja hapa."

"Umeisoma?"

"Ningeisomaje?"

Murielle akaisoma palepale, kisha akaisoma tena. "Hufukuzwi! Wanasema unajitahidi. Wanakupa darasa la ziada la kusoma, bure. Lakini papa atie saini kabla ya kesho mchana, la sivyo nafasi inapewa mwingine."

Walikimbia hadi karakanani. Mama Léocadie alisikiliza yote, akampigia simu Papa Évariste, baba yake Falonne, mlinzi wa geti kule Sandton, kisha akamkabidhi Falonne simu.

"Mwambie wewe. Uliyaficha mwenyewe, yatoe mwenyewe."

Falonne alimweleza yote. Upande wa pili sauti nzito ikasema, "Asante kwa kuniambia. Leo tutazungumza sana, binti yangu. Kesho tunakwenda wote."

Ijumaa Papa Évariste alikwenda shuleni na sare yake ya ulinzi, akatia saini, akaomba radhi kwa siku zilizopotea. Falonne alipata darasa lake, pamoja na mlima wa kazi za wiki nzima.

Alasiri Murielle alikiri alichokuwa amekishuku. Mama Léocadie akacheka mpaka akaangusha mkasi.

"Bando nalila mimi! Naangalia mitindo ya magauni ya harusi." Kisha akawa makini. "Falonne, uliona muhuri, ukajimalizia barua usiyoisoma. Murielle, ulimwona mwenzako anajua katuni, ukamalizia kuwa ni mwizi. Wote mliangalia picha bila sauti. Ukiogopa, uliza. Ukishuku, uliza. Na ukikosea, sema mapema, uongo mmoja usije ukahitaji wa pili."

"Mtabiri," Joël aliuliza, "leo kutatokea nini?"

"Sijui. Nilikuwa shuleni."

"Basi nirudishie magwinya yangu!"

"Kimya, saa tisa hiyo," alisema Mama Léocadie. "Leo atatafsiri Falonne. Murielle, msaidie akikwama."

Falonne alikwama kwenye neno la pili. Cherehani ikasimama, ikamngoja.